Powerball, Mega Millions na ndoto ya jakpoti: maswali yanayoulizwa kaunta kila wiki

Nauza tiketi za bahati nasibu kwenye kaunta ya kituo cha mafuta hapa Ohio. Wateja wangu wanaoongea Kiswahili ni Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi, na jakpoti ikishapita dola bilioni moja wote huuliza mambo yale yale. Simu za kutoka nyumbani nazo huanza kuita. Nimeyapanga maswali kuanzia ya msingi hadi yale yanayotokea mara chache. Mimi si wakili wala mhasibu, kwa hiyo ya sheria na kodi yachukue kama ya kukusaidia kujua cha kuwauliza watu hao.

## Ya msingi

1. Powerball na Mega Millions ni nini, na zinatofautiana wapi?

Ni bahati nasibu mbili zinazoendeshwa na majimbo ya Marekani kwa kushirikiana. Majimbo 45 yanaziuza zote mbili. Alabama, Alaska, Hawaii, Nevada na Utah hawauzi. Ndiyo, Nevada yenye Las Vegas haiuzi, na wageni wakifika kule hawaamini.

Powerball ni dola 2. Unachagua namba tano kati ya 1 na 69, halafu namba moja ya mpira mwekundu kati ya 1 na 26. Droo hufanyika Tallahassee, Florida, kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa tano kasoro dakika moja usiku. Mega Millions ilipanda bei Aprili 2025, sasa ni dola 5: namba tano kati ya 70 na moja kati ya 24, Jumanne na Ijumaa, saa tano usiku, Atlanta.

Ukiwa Dar, Nairobi au Kampala, hiyo ni alfajiri ya siku inayofuata, karibu saa kumi na mbili wakati wa kiangazi cha Marekani na karibu saa moja wakati wa baridi yao.

2. Hii ndiyo ile bahati nasibu ya green card?

Hapana. Ile ni programu ya viza ya serikali ya Marekani, haina zawadi ya pesa na wala haihusiani na tiketi ninazouza. Kinachoziunganisha ni matapeli tu, ambao hutumia majina yote mawili kwa ujumbe uleule. Soma swali la 18.

3. Lazima niwe raia ili nicheze?

Si lazima. Mtalii, mwanafunzi, mkimbizi, mwenye kibali cha kazi, wote wanaruhusiwa kununua. Kinachoangaliwa ni umri. Majimbo mengi ni miaka 18, Nebraska ni 19, na Arizona, Iowa, Louisiana na Mississippi ni 21. Naitaja Iowa na Arizona makusudi kwa sababu kuna familia nyingi za Kikongo huko, na vijana wao hushangaa kukataliwa.

Kununua na kudai ni mambo mawili tofauti. Zawadi ndogo unalipwa hapo hapo kaunta. Zawadi kubwa inadaiwa kwenye ofisi ya bahati nasibu ya jimbo, na huko utaonyesha kitambulisho na kujaza fomu za kodi. Mwenye utata wa makaratasi aanzie kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda kule.

4. Mbona siku hizi jakpoti zinafika mabilioni? Zamani hazikuwa hivyo.

Kwa sababu mchezo umefanywa kuwa mgumu makusudi. Kabla ya Oktoba 2015, Powerball ilikuwa na namba 59 na mipira myekundu 35, na uwezekano wa kupata jakpoti ulikuwa 1 kati ya 175,223,510. Wakabadilisha, zikawa 69 na 26, uwezekano ukawa 1 kati ya 292,201,338. Washindi wakapungua, na jakpoti isipopata mshindi pesa zake huhamia droo inayofuata. Januari 2016, miezi mitatu tu baada ya mabadiliko, ikafika dola bilioni 1.586 na kugawanywa kwa tiketi tatu, za California, Florida na Tennessee. Novemba 2022 tiketi moja ya California ikachukua dola bilioni 2.04.

Angalia ujanja ulivyo. Wamepunguza mipira myekundu kutoka 35 hadi 26, na kumpata mpira huo peke yake kunakupa dola 4. Kwa hiyo ushindi mdogo mdogo ukawa rahisi zaidi, ule mkubwa ukawa mgumu zaidi. Mteja anaonja dola 4 mara kwa mara, anahisi yuko karibu, huku jakpoti ikizidi kupaa na kuingia kwenye taarifa ya habari bila wao kulipia tangazo. Aliyebuni hilo anawajua wanadamu.

## Uwezekano wa kushinda

5. Niambie ukweli, nina nafasi gani?

Ya jakpoti ya Powerball: 1 kati ya 292,201,338. Mega Millions inakaribia hapo hapo, 1 kati ya 290,472,336.

Namba hizi kichwa hakizipokei, basi tuzilete nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mnunulie kila mmoja tiketi yake, kuanzia mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa, na hakikisha hakuna namba zinazofanana. Siku ya droo, uwezekano wa nchi nzima kukosa ni karibu asilimia 79.

Njia nyingine: nunua tiketi moja kila droo, droo tatu kwa wiki, bila kukosa. Utatumia dola 312 kwa mwaka, na kwa wastani utasubiri jakpoti yako kama miaka milioni 1.87.

Zawadi yoyote ile ya Powerball, hata ya dola 4, ni 1 kati ya takriban 25. Dola milioni moja, ukipata namba tano bila mpira mwekundu, ni 1 kati ya 11,688,054.

6. Nikinunua tiketi nyingi si naongeza nafasi?

Unaongeza, sikatai. Tiketi kumi zinakupa 10 kati ya 292,201,338, yaani kama 1 kati ya milioni 29. Umetumia dola 20 kutoka kwenye haiwezekani kwenda kwenye haiwezekani.

Haya ndiyo maoni yangu, nami nayasema nikiwa mtu ninayelipwa kuuza tiketi hizi. Tiketi ya kwanza inakutoa kwenye sifuri. Inakupa haki ya kulala usiku ukijenga nyumba kichwani, na huo ndio uhondo uliokuja kuununua. Tiketi ya pili haina ndoto nyingine ndani yake. Ya kumi ndio kabisa. Anayenunua moja amelipia starehe, bei ya soda. Anayenunua ishirini ameanza kuichukulia kama biashara, na kama biashara hii ni mbovu kuliko zote dukani humu.

7. Je, mtu akinunua namba zote?

Imewahi kufanyika kwenye michezo midogo. Mwaka 1992 kundi la wawekezaji lililoongozwa na Stefan Mandel, mwanahisabati mzaliwa wa Romania, liliivamia bahati nasibu ya jimbo la Virginia, iliyokuwa na michanganyiko milioni 7 tu. Walifanikiwa kununua kama milioni 5 kabla muda haujaisha, na ile ya ushindi ikawemo. Aprili 2023 kundi jingine lilichapisha karibu michanganyiko yote milioni 25.8 ya Lotto Texas na kuondoka na jakpoti ya dola milioni 95. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2025 tume ya bahati nasibu ya Texas ilivunjwa na kazi yake kuhamishiwa idara nyingine.

Kwa Powerball ungehitaji dola 584,402,676 na mashine za kuchapa usiku na mchana. Halafu mtu mmoja wa Nebraska mwenye tiketi ya dola 2 anapata namba zilezile, mnagawana nusu kwa nusu.

8. Nimeota namba. Nizicheze? Na namba zipi ni nzuri?

Zicheze ukipenda, mipira haijui ulichoota. Kila mchanganyiko una nafasi sawa. Tofauti iko kwenye idadi ya watu mtakaogawana nao mkishinda.

Wengi huchagua tarehe za kuzaliwa, hivyo namba 1 hadi 31 zimejaa watu. Wengine hufuata mpangilio mzuri kwenye karatasi. Januari 1995 huko Uingereza, watu 133 walipata namba zilezile sita, na jakpoti ya zaidi ya pauni milioni 16 ikawa pauni 122,510 kwa kila mmoja. Machi 2005 Powerball ilishangaa kupata washindi 110 wa zawadi ya pili kwa mkupuo, wakadhani ni wizi, kumbe wamefuata namba zilizochapishwa kwenye vikaratasi vya biskuti za migahawa ya Kichina.

Kisa kinachonivutia zaidi kilitokea Afrika Kusini, tarehe 1 Desemba 2020. Zilitoka 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa PowerBall 10. Nchi nzima ikapiga kelele kwamba wamechezewa. Lakini watu 20 walikuwa wamezicheza, kwa sababu kila wiki kuna watu wanaocheza namba za mfululizo, na kila mmoja akapata takriban randi milioni 5.7 badala ya milioni 114.

Kwa hiyo ukitaka ushauri wa bure, iachie mashine ikuchagulie. Haitaongeza nafasi yako, ila itakuepusha na umati.

9. Si wanachezesha wenyewe? Washindi ni watu wao.

Wizi umewahi kutokea, na aliyekamatwa alikuwa mtu wa ndani. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo kwenye shirika linaloendesha bahati nasibu za majimbo kadhaa, makao yake Iowa. Alipandikiza programu kwenye kompyuta za kuchagua namba, na Desemba 2010 akanunua tiketi iliyoshinda dola milioni 16.5 za mchezo wa Hot Lotto. Kilichomponza ni kamera ya kaunta ya kituo cha mafuta, iliyomnasa akinunua amevaa kofia ya sweta. Waliofanya naye kazi wakaitambua sauti. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Jakpoti za Powerball na Mega Millions hazichaguliwi na kompyuta. Ni mipira halisi kwenye mashine, mbele ya wakaguzi. Sisemi haiwezekani kabisa. Nasema wasingehitaji kuiba, kwani takriban nusu tu ya mauzo hurudi kama zawadi. Mchezo unawalipa ukiwa halali.

10. Kuna mganga ana dawa ya namba. Anaaminika?

Angekuwa na dawa ya namba asingekuwa anabandika matangazo kwenye nguzo za umeme.

## Pesa zenyewe

11. Ile bilioni 2 mtu anaichukua yote?

Hapana. Kiasi kinachotangazwa ni jumla ya malipo 30 yanayotolewa kwa miaka 29, kila mwaka yakipanda asilimia 5. Ukizitaka kwa mkupuo unapewa pesa zilizopo sasa hivi, ambazo mara nyingi ni karibu nusu. Yule wa bilioni 2.04 alichukua mkupuo wa dola milioni 997.6.

Kisha kodi. Kwa mkazi, serikali ya shirikisho hukata asilimia 24 papo hapo, lakini kiwango cha juu ni asilimia 37, na salio utalipa wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Mshindi akikatwa hiyo 37 kwenye milioni 997.6, anabaki na kama milioni 628. California haitozi kodi ya jimbo kwa ushindi wa bahati nasibu yake. New York inatoza, na ukiishi mjini New York jiji nalo linataka lake.

Kama una deni la kodi au matunzo ya watoto, majimbo mengi hukata deni hilo kabla hujashika hata senti.

12. Na mimi niliyekuja kutembea tu?

Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya kodi ya shirikisho. Marekani haina mkataba wa kodi na Tanzania, Kenya wala Uganda ambao ungeipunguza. Ukirudi nyumbani mamlaka ya kodi ya kwenu nayo inaweza kukuuliza, hapo tafuta mhasibu wa huko.

13. Napokea msaada wa chakula wa SNAP. Nikishinda kidogo, je?

Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini, na ni la maana kuliko mengi humu. Dola 4 au 100 hazina shida. Lakini kuna kanuni inayohusu ushindi mkubwa wa kamari: ukishinda kwa mkupuo mmoja kiasi kinachofikia kikomo kilichowekwa, ambacho ni maelfu machache tu ya dola, kaya yako inaondolewa kwenye SNAP mpaka itakapotimiza masharti tena. Ni lazima uripoti. Usikae kimya ukidhani hawatajua, maana majimbo hulinganisha orodha za washindi na za wanaopokea msaada. Msaada wa matibabu na nyumba una kanuni zake, muulize mhudumu wa kesi yako.

14. Ni kweli asilimia 70 ya washindi wanafilisika?

Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima na haina mama wala baba. Ilikuwa ikinasibishwa na taasisi moja ya Marekani ya elimu ya fedha, NEFE, na mwaka 2018 taasisi yenyewe ikatangaza kwamba haitokani na utafiti wao.

Visa vya kutisha vipo. Jack Whittaker wa West Virginia, aliyeshinda dola milioni 314.9 Krismasi ya 2002, alikuwa tayari tajiri wa ujenzi, na bado maisha yake yaliparaganyika kwa wizi, kesi na misiba. Visa kama hivyo huandikwa magazetini. Mshindi aliyelipa mkopo wa nyumba akaendelea na kazi haandikwi. Wachumi Lindqvist, Östling na Cesarini walifuatilia washindi wa Sweden, na katika utafiti uliochapishwa 2020 walikuta walioshinda pesa nyingi wanaridhika zaidi na maisha yao, hata zaidi ya miaka kumi baadaye.

Nadhani tunaipenda ile ya asilimia 70 kwa sababu inatufariji sisi tuliokosa.

## Ndoto

15. Kama nafasi ni ndogo hivyo, kwa nini watu wenye akili zao wananunua?

Kuna mteja wangu mmoja, mzee wa Bukavu, hufika Ijumaa zamu ya pili ya kiwanda cha nyama ikitoka. Bado ana koti zito la chumba cha barafu. Anaweka mafuta ya dola 20, kahawa, tiketi moja. Haikunji. Anavua kava la simu, anailaza humo nyuma, anarudisha kava kwa kidole gumba mpaka lilie *ta*. Halafu anasema, "Dada, Jumatatu usinitafute." Jumatatu huyo hapo.

Mzee huyu si mjinga wa hesabu. Njiani kwenda nyumbani, dakika ishirini za barabara ya giza, anajenga. Wote hujenga, na karibu wote huanza pale pale: nyumba ya mama. Baada ya hapo ada za watoto wa dada, kisima kijijini, paa la bati la msauzi, madeni ya ndugu kwenye kikoba. Kuacha kazi huja mbali sana kwenye foleni. Gari la kifahari huja mwisho, tena kwa aibu. Sijawahi kumsikia mtu anayeanza na yeye mwenyewe. Hizo dakika ishirini kwa dola 2, sioni kama ameibiwa.

Watu husema hizo ni ndoto za Alinacha. Alinacha alivunja vyombo vyake. Huyu mzee anapoteza dola 2 na Jumatatu yuko kazini kwa wakati.

16. Mimi na mke wangu tumegombana kuhusu mgao, na hatujashinda.

Hamko peke yenu. Ugomvi wenyewe huwa haupo kwenye pesa. Mume anasema ndugu zake watano kwanza, mke anauliza wa kwake je, na ghafla mnazungumzia Western Union ya mwaka jana. Mazungumzo hayo yalikuwa yanasubiri kisingizio. Yamalizeni kwenye bajeti mliyo nayo, kisha muirudie jakpoti mkiwa mnacheka.

17. Dini inasemaje? Na lini mchezo unageuka tatizo?

Kwa Mwislamu jibu ni fupi: kamari ni haramu, na Surat Al-Maida aya ya 90 inaitaja pamoja na ulevi. Ya kwamba pesa itatolewa sadaka haibadilishi hukumu, na masuala mengine mpelekee sheikh wako. Wakristo wanatofautiana, na makanisa mengi ya wenzetu hapa yanakataza.

Kuhusu tatizo, nawaona kabla wao hawajajiona. Anaanza kulipa kwa sarafu. Anabadilisha kituo ili nisijue ameshanunua kwingine. Anakwangua zile kadi za papo kwa papo palepale kaunta, na akipata dola 10 anazirudisha zote kwa kadi nyingine. Jakpoti za droo huwameza wachache. Kadi za kukwangua ndizo hatari, kwa sababu hakuna kusubiri Jumamosi. Ukijiona humo, kila jimbo lina namba ya simu ya bure ya kusaidia wacheza kamari, na unaweza kuomba mkalimani.

## Kutoka mbali

18. Nimepata ujumbe kwamba namba yangu ya simu imeshinda Mega Millions.

Hukununua tiketi, hujashinda. Hakuna bahati nasibu inayochagua namba za simu au barua pepe. Watakuomba ada ya kutoa pesa, kodi ya kulipwa kabla, au bima ya mzigo. Ukilipa, litazuka jambo lingine. Kodi ya kweli hukatwa kwenye ushindi wenyewe, hailipwi kwa M-Pesa. Ni ndugu wa ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", kavaa suti.

Hali kadhalika ile ya green card. Waombaji hukagua majibu wenyewe kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na hakuna anayeandikiwa barua pepe ya kuambiwa atume pesa.

19. Ndugu yangu yuko Mwanza, anataka nimnunulie tiketi. Anaweza kunitumia pesa?

Hapa watu wengi wazuri wanajiingiza matatani. Sheria ya shirikisho inakataza kutuma tiketi za bahati nasibu kwa posta, na kununulia watu wa nje kwa ada ni biashara inayogusa sheria nyingine pia. Tovuti zinazokuuzia "tiketi ya Powerball" ukiwa Nairobi au Dar, baadhi hazinunui tiketi yoyote. Zinakubali dau lako na kubeti kwamba hutashinda. Ukishinda utamdai nani?

Hata ukimnunulia ndugu yako bure kabisa, tiketi ni ya anayeishika na kuisaini. Ikishinda, jina lako ndilo liko kwenye kodi, na kumpelekea yeye pesa kunaweza kuhesabiwa kama zawadi yenye kodi yake. Mimi huwaambia ndugu zangu hapana. Dola 2 niliyokataa kupokea imenipunguzia simu nyingi.

20. Basi nicheze za nyumbani. Si ni rahisi zaidi?

Ni rahisi zaidi, na bado si rahisi. Jakpoti ya mpira ya mechi 17, ile ya SportPesa iliyomtoa Mkenya mmoja na zaidi ya shilingi milioni 221 mwezi Mei 2017, ukijaza kwa kubahatisha tu ina michanganyiko 129,140,163. Anayejua mpira anapunguza kidogo, lakini mechi za kwenye jakpoti huchaguliwa zile zinazosumbua. Mkeka huchanika kwenye ligi usiyoijua.

Tanzania ilirudisha bahati nasibu ya taifa mwaka 2025 chini ya ITHUBA, kampuni kutoka Afrika Kusini, ile ile iliyokuwa ikiendesha droo ya 5-6-7-8-9 (swali la 8). Kokote unakocheza Tanzania, thibitisha kwanza leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kwa walioko Ghuba, wengi huniuliza kuhusu ile ya Dubai Duty Free ya dola milioni moja. Tiketi ni dirham 1,000 na zinauzwa 5,000 tu, kwa hiyo nafasi ni 1 kati ya 5,000. Kwa hesabu ni bora mno kuliko Powerball. Kwa mfuko wa mfanyakazi wa ndani aliyeko Sharjah, dirham 1,000 ni mshahara wa wiki kadhaa. Hapo ndipo hesabu nzuri inapoua.

## Mambo ya nadra

21. Tunachanga kazini, watu wanane. Kuna hatari gani?

Hatari ni kumbukumbu. Andikeni majina kabla ya droo, nani katoa wiki hii, nani hayumo. Piga picha tiketi zote pande mbili, tuma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa ya droo. Anayenunulia kundi asinunue ya kwake kwa muamala mmoja na za kundi. Mwaka 2012 mahakama moja ya New Jersey ilimwamuru mfanyakazi wa ujenzi kugawana na wenzake watano jakpoti ya dola milioni 38.5. Alikuwa ameacha kazi akiwaambia anakwenda kufanyiwa upasuaji wa mguu.

Mkishinda, kuna fomu ya kodi iitwayo 5754 inayogawa ushindi kwa majina, ili mmoja asibebe kodi ya wote.

22. Tiketi imefuliwa na suruali. Imekwisha?

Usiikaushe kwa pasi! Ile ni karatasi ya joto, kama risiti. Ukiipasha inageuka nyeusi yote. Ianike kivulini, usiikwaruze, ipeleke ofisi ya jimbo. Namba za siri zikisomeka wanaweza kuithibitisha.

Ukiipoteza kabisa na hukuwa umeisaini nyuma, aliyeiokota ana nguvu kuliko wewe. Saini ukiwa bado kaunta. Na usikae nayo: Ohio inakupa siku 180, majimbo mengine kati ya siku 90 na mwaka mmoja.

23. Naweza kuficha jina langu?

Inategemea jimbo. Texas inaruhusu kwa ushindi wa dola milioni moja na zaidi. Ohio watu hupitia mfuko wa amana (trust) unaofunguliwa na wakili, nao ndio unaodai ushindi badala yao. California jina hutangazwa. Ukishinda, wakili kwanza, ofisi ya bahati nasibu baadaye, kundi la ukoo la WhatsApp baadaye sana.

24. Nimeshinda dola 4. Nafanyaje?

Njoo kaunta, nitaiskani, nitakupa. Wengi huniambia, "Nipe mbili nyingine." Wewe chukua dola zako nne.